Vijana wa tenisi ya wanaume: tunawavika taji mapema mno, au kweli kuna atakayewafikia Alcaraz na Sinner?

#1 SevuYaPili

Wakuu salaam.

Nafuatilia tenisi ya wanaume tangu Federer, Nadal na Djokovic wakigawana mataji, na kuna jambo limenikaa kooni. Kila msimu tunaletewa kijana mpya anayeitwa mfalme ajaye. Anamtoa mkubwa mmoja, video zinazagaa, na sisi wenyewe humu tunamvika taji. Mwaka ukigeuka unamkuta anahangaika raundi ya kwanza, na sisi tumeshahamia kwa mwingine. Sasa hivi majina ni João Fonseca, Jakub Menšík na Learner Tien. Nawapenda wote watatu, ndiyo maana nina hofu nao.

Upande wa pili wapo Alcaraz na Sinner. Mataji makubwa manne ya 2024 (Australian Open, Roland Garros, Wimbledon na US Open) na manne ya 2025, yote manane wamechukua wao wawili. Hakuna wa tatu aliyeambulia hata moja.

Dai langu ni hili: vipaji vipo, kinachowaangusha ni mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza hakuna anayekujua na huna cha kulinda. Mwaka wa pili kila kocha ameshaangalia mechi zako zote, anajua ukibanwa unapeleka mpira wapi. Anayevuka hapo ndiye mchezaji. Nipingeni kwa hoja.

#2 Mzee wa Taibreki

Naunga mkono nusu.

Kwa wageni wa mchezo huu, pointi za orodha ya ubora zinaishi wiki 52 tu. Fonseca alichukua Buenos Aires Februari 2025 akiwa na miaka 18, akapata pointi 250. Februari inayofuata zile 250 zinafutwa, awe amecheza, awe anaumwa, awe amefiwa. Kijana anaingia uwanjani akijua leo hachezi ili apate, anacheza asipoteze. Mkono unakuwa mzito wenyewe.

Nusu ninayoikataa ni kwamba huo mwaka wa pili ni ukuta wa kila mtu. Alcaraz alichukua US Open 2022 akawa nambari moja akiwa na miaka 19, mdogo kuliko wote tangu orodha hiyo ianze 1973. Mwaka uliofuata si alirudi akamshinda Djokovic fainali ya Wimbledon kwa seti tano? Mwenye nacho anavuka.

#3 KonaYaUdongo

Mleta uzi, unamweka Fonseca kapu moja na wengine wakati yeye ni mtu mwingine kabisa. Kijana wa Rio de Janeiro, kazaliwa 2006. Desemba 2024 alichukua Next Gen, mashindano ya kufunga mwaka ya vijana bora, pale Jeddah bila kupoteza mechi. Wiki chache baadaye Australian Open, mechi yake ya kwanza kabisa kwenye droo kuu ya taji kubwa, akamtoa Medvedev. Fohendi yake, ule mpigo wa upande wa mkono wenye raketi, ikiondoka huioni, unasikia mlio tu. Huyo ukuta wa mwaka wa pili ataupiga teke.

#4 Mkono wa Kushoto

#3 mkuu, hapo umechanganya watu wawili. Fonseca alimtoa Andrey Rublev, aliyepangwa wa 9, kwa seti tatu mfululizo. Raundi ya pili akatolewa na Sonego kwa seti tano.

Aliyemtoa Medvedev kwenye mashindano yaleyale ni Learner Tien. Seti tano, ikaisha karibu saa tisa usiku. Nilikesha naitazama hadi pointi ya mwisho. Kijana wa miaka 19, katoka mechi za mchujo, sevu yake, yaani mpigo wa kuanzisha pointi, haimtishi mtu, anacheza na mtu aliyewahi kuwa nambari moja, na bado yeye ndiye aliyekuwa ametulia. Akaendelea mpaka raundi ya nne.

Naomba mumtendee haki huyu. Kila uzi wa vijana anatajwa wa mwisho kwa sababu hapigi kwa nguvu. Tien anaumaliza nguvu mpira wako, anaurudisha mapema kabla hujajipanga, anakubadilishia kona mpaka unakosea mwenyewe. Tena wa kushoto.

#5 KonaYaUdongo

Shukrani kwa sahihisho, ni Rublev kweli. Hoja ya fohendi nabaki nayo.

#6 MamaWaRaketiMbili

Nawasoma kwa makini kwa sababu nina mtoto wa miaka 15 anayecheza mashindano ya vijana. Jina langu linatokana na yeye: moja ya mazoezi, moja ya mechi, nyuzi za zote mbili nalipa mimi.

Mnazungumza mwaka wa pili kama vile kila kijana anafika mwaka wa kwanza. Wengi wanaishia kabla hamjawajua, na kinachowamaliza ni pesa. Mchezaji wa tenisi ni kampuni ya mtu mmoja. Hana klabu ya kumlipa mshahara akiumia. Kocha analipwa na yeye, tiketi ya ndege yake na ya kocha anakata yeye, hoteli analipa yeye, na akitoka raundi ya kwanza ya mashindano madogo anachopata hakirudishi nauli. Nimeona mtoto mwenye mikono ya ajabu akiacha akiwa na miaka 17 kwa sababu baba yake alishauza alichokuwa nacho cha kuuza. Sikutaja jina na sitataja, lakini siku ile alipokuja kumgawia mwanangu nyuzi zake zilizobaki, niliingia kwenye gari nikalia.

Kwa hiyo mnaposema “vipaji vipo”, kweli vipo. Mnaona vile tu vilivyopata wa kuvilipia.

#7 Pointi40

Pole mama, na asante kwa kuliweka wazi.

Niongezee, hilo ATP, chama kinachoendesha tenisi ya kulipwa ya wanaume, wameanza kuligusa. Tangu 2024 kuna mpango wa kima cha chini cha kipato: ulipoanza, ukiwa ndani ya 100 bora, mwaka ukiisha mapato yako ya zawadi yakiwa chini ya dola 300,000, wanakujazia mpaka hapo. Kuanzia 101 hadi 175 ilikuwa dola 150,000, kuanzia 176 hadi 250 ikawa dola 75,000. Ni hatua.

#8 MamaWaRaketiMbili

Ni hatua, nakubali. Lakini kufika 250 kwenyewe ndiko kunakofilisi.

#9 MkandaMisuli

Mleta uzi anasema mwaka wa pili, mama anasema pesa. Mimi kazi yangu ni viungo vya wanamichezo, nawaambia ni mwili.

Hesabuni 2025 peke yake. Arthur Fils, Mfaransa wa 2004, alishachukua Hamburg na Tokyo mwaka mmoja kabla. Roland Garros alishinda raundi ya pili kwa seti tano, halafu akajitoa: mfupa wa mgongo wa chini umechoka na kupata ufa. Jack Draper alichukua Indian Wells Machi, mkono wake wa kushoto ukaumia mfupa, msimu ukaisha mapema. Holger Rune alimshinda Alcaraz fainali ya Barcelona mwezi wa nne, mwezi wa kumi akakatika kano ya kisigino pale Stockholm. Watatu hao wote walikuwa wanatajwa kama wa kuvunja ufalme wa wale wawili.

Kijana wa miaka 18 ana mikono ya mtu mzima na mgongo ambao bado haujamaliza kukomaa. Kwenye sevu unaukunja na kuuzungusha mgongo kwa wakati mmoja, mara mia kwa mechi, kisha unapanda ndege. Menšík mwenyewe, fainali ya vijana Australian Open 2022, baada ya karibu saa nne misuli ilimkaza mpaka akatolewa uwanjani kwa kiti cha magurudumu. Alikuwa na miaka 16.

#10 SevuYaPili

#9 nakuheshimu mkuu, na Menšík huyohuyo ananipa mfano wa kukujibu. Miami 2025 kabla ya mechi ya kwanza goti lilikuwa limevimba, alishakwenda na fomu mkononi ajitoe. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba mwamuzi mkuu alikuwa amekwenda kula chakula cha mchana. Wakati wa kusubiri, mtaalamu wa viungo akamhudumia, akasema ngoja nijaribu. Alikuwa nafasi ya 54. Akaenda mpaka fainali na kumshinda Djokovic kwa taibreki mbili (mchezo wa kuamua seti ikifika 6-6), siku ambayo Djokovic alikuwa anatafuta taji lake la 100.

Mwili ulikuwa uleule mbovu. Kilichotofautiana ni kwamba hakuwa na cha kupoteza. Narudi palepale.

#11 MkandaMisuli

Umesahau kwamba aliyemrudisha uwanjani ni mtu wa kazi yangu. Umenisaidia hoja, ahsante.

#12 NyasiFupi

Hahaha, #10 umejifunga mwenyewe.

Wakuu mimi naona tunaangalia njia moja tu, ile ya mtoto aliyeacha shule akiwa na miaka 14. Ben Shelton alikuwa chuo kikuu cha Florida, bingwa wa vyuo vya Marekani 2022. Januari 2023 alipokwenda Australia ndiyo ilikuwa safari yake ya kwanza maishani nje ya nchi yake, na akafika robo fainali! Mwaka huohuo US Open akafika nusu fainali, akipiga sevu za maili 149 kwa saa, sawa na kilomita 240 hivi. Agosti 2025 akachukua Toronto, taji lake la kwanza la Masters 1000, ngazi iliyo chini kidogo ya mataji makubwa. Chuo kilimpa miaka miwili ya kucheza mechi ngumu, kulala kitandani kwake na kula vizuri bila kudaiwa na mtu. Mama wa raketi mbili, hiyo njia mmeifikiria?

#13 MamaWaRaketiMbili

Tumeifikiria sana. Anataka kuwa kama Fonseca, ambaye alishakubali nafasi chuo kikuu cha Virginia, halafu akafika robo fainali Rio akiwa na miaka 17 na kuamua kuingia kulipwa moja kwa moja. Namwambia, mwanangu, robo fainali yenyewe iko wapi kwanza?

#14 Rubani wa Droo

Nadhani mnazunguka. Angalieni matokeo ya vijana, yanasema kila kitu. Bingwa wa vijana ndiye bingwa wa kesho. Sinner alikuwa nambari moja ya vijana, Federer alichukua Wimbledon ya vijana.

#15 Pointi40

Federer ni kweli, 1998. Sinner hapana kabisa. Sinner alikuwa mtu wa kuteleza kwenye theluji, alikuwa bingwa wa watoto huko Italia, akageukia tenisi kwa dhati akiwa na miaka 13, akahamia Bordighera kwa kocha Riccardo Piatti. Mashindano makubwa ya vijana hata hakuyapa uzito, alikimbilia ya watu wazima. Na upande wa pili chukua Donald Young: bingwa wa vijana Australian Open 2005, nambari moja ya vijana, mtu wa kushoto aliyetangazwa dunia nzima. Nafasi yake ya juu kabisa ukubwani ilikuwa 38. Hiyo si aibu hata kidogo, 38 duniani ni mlima. Ila si alichotabiriwa.

Sasa nikupe mlolongo mmoja ninaoupenda sana. Januari 2023, fainali ya vijana Australian Open: Alexander Blockx wa Ubelgiji anamshinda Tien. Septemba 2023, fainali ya vijana US Open: Fonseca anamshinda Tien. Desemba 2024, fainali ya Next Gen Jeddah: Fonseca anamshinda Tien tena. Kijana kapoteza fainali tatu kubwa za umri wake. Desemba 2025 anarudi Jeddah, anakuta fainali ni Blockx yuleyule wa mwanzo, na safari hii Tien anabeba kombe. Mwezi mmoja kabla alikuwa ameshachukua Metz, taji lake la kwanza la watu wazima.

Ukinipa nichague kati ya mshindi wa fainali ya vijana na aliyeshindwa akarudi, mimi namchukua wa pili.

#16 Mkono wa Kushoto

#15 nimesoma mara mbili. Hii ndiyo sababu naipenda hii safu. Nilikuwa nakumbuka zile mbili za Fonseca, ya Blockx sikuwahi kuiunganisha.

#17 KonaYaUdongo

Mlolongo mzuri, lakini ndani yake Fonseca kamshinda Tien mara mbili kati ya mbili. Nimenyamaza.

#18 Mzee wa Taibreki

Na Metz si Basel. Fonseca Oktoba 2025 alichukua Basel, ile ni pointi 500, tena ndani ya ukumbi, mahali ambapo watoto waliokulia viwanja vya udongo kutoka Amerika Kusini hawatarajiwi kung'ara. Hiyo kwangu ilikuwa na uzito kuliko kumtoa Rublev.

Lakini niseme kitu ambacho hamjakigusa. Mnahesabu udhaifu wa vijana tu. Hesabuni pia kwamba wale wawili hawakai mahali pamoja. Alcaraz alishakuwa na mataji manne makubwa, akaingia 2025 na mwendo mpya wa sevu. Sinner kashindwa fainali ya US Open 2025, jioni ileile anasema hadharani kwamba amekuwa anatabirika na lazima abadilike, na kweli akaenda kubadili sevu. Kijana anafanya mazoezi miezi sita kumfikia Sinner wa Januari. Anafika Julai, Sinner wa Januari hayupo.

Zamani mabingwa walikuwa na sakafu ya uwanja waliyoichukia. Ulijua huyu kwenye nyasi anapigika, huyu kwenye udongo hajiwezi. Kijana alikuwa na mlango wa kuingilia. Hawa wawili mlango wao uko wapi?

#19 SevuYaPili

Mzee, hapo umenipa kitu cha kulala nacho. Sina jibu la haraka.

#20 Rubani wa Droo

Nakubali sahihisho la Sinner. Ila milango ipo, mnaisahau historia. Michael Chang alichukua French Open (ndiyo Roland Garros) akiwa na miaka 18 wakati Lendl na Edberg wakiwa kileleni.

#21 Mzee wa Taibreki

Miaka 17 na miezi mitatu, 1989. Hadi leo ndiye mwanaume mdogo kuliko wote kuchukua taji kubwa la mmoja mmoja. Chang alimtoa Lendl raundi ya nne, misuli ikiwa imemkaza Chang, akasevu mpira kutoka chini ya kiuno na Lendl akachanganyikiwa. Fainali akamshinda Edberg kwa seti tano.

Na Chang huyohuyo tangu 2025 ni kocha wa Tien. Mtu mfupi aliyeishi kwa miguu na akili anamfundisha kijana asiye na sevu ya kutisha. Nikiona hivyo najua kuna mtu alikaa akafikiri.

#22 Mkono wa Kushoto

Mzee leo umenifurahisha. Niwekee kiti nije nikusikilize siku nzima.

#23 NyasiFupi

Swali la pembeni: Valentin Vacherot tunamweka kundi gani? Shanghai Oktoba 2025, nafasi ya 204, katokea mechi za mchujo, kamtoa Djokovic nusu fainali, fainali kamshinda binamu yake Arthur Rinderknech. Hakuna aliyewahi kuchukua Masters 1000 akiwa na nafasi ya chini kiasi hicho. Alikuwa na miaka 26. Ni chipukizi au si chipukizi?

#24 MkandaMisuli

Chipukizi ni anayechipua. Miaka haihusiki.

#25 Pointi40

Miaka inahusika mkuu, la sivyo uzi huu hautakuwa na mwisho. Lakini Vacherot na binamu yake wote walipitia chuo kikuu cha Texas A&M, kwa hiyo #12 ana pointi nyingine hapo. Labda tunatafuta nyota kwenye umri wa miaka 18 wakati mwili na mfuko vinakuwa tayari miaka 24.

#26 SevuYaPili

Basi hoja ya mama na ya #9 zinaungana: mwenye pesa za kungoja mwili ukomae ndiye anayeibuka. Hiyo naipenda, ingawa inaniumiza.

#27 KonaYaUdongo

Haielezi Alcaraz. Haielezi Fonseca. Haielezi Menšík aliyebeba Miami na miaka 19.

#28 NyasiFupi

Na vipi Justin Engel, Mjerumani wa 2007? Alishinda mechi ya ATP pale Almaty 2024 akiwa na miaka 17 tu. Mwenye kumfuatilia kwenye Challenger, yale mashindano ya ngazi ya chini, alete habari, mimi nimemuona mara mbili na sevu yake ya kwanza imenikaa kichwani.

#29 Mkono wa Kushoto

Engel namfuatilia. Nguvu anazo, subira bado. Anataka kumaliza pointi kwa mpigo wa tatu hata pale mpira unapoomba wa saba. Mimi nikitazama kijana, sevu ya kwanza siitazami kabisa. Natazama sevu ya pili kwenye 30-40, pale akipoteza pointi moja tu gemu imekwenda. Hapo ndipo unajua ndani kuna nani. Anayeipiga kwa mzunguko wote bila kuogopa kosa mara mbili (sevu zote mbili zikikosea pointi ni ya mpinzani), huyo naandika jina lake.

#30 MamaWaRaketiMbili

Nimemsomea mwanangu #29 kwa sauti. Ana mechi kesho asubuhi, raundi ya pili, na mtoto aliyemzidi miaka miwili.

#31 Mzee wa Taibreki

Mwambie arushe mpira juu vya kutosha. Na utuletee matokeo, usituache tukining'inia.

#32 SevuYaPili

Mungu amtangulie. Wengine tuendelee: jibu la swali la Mzee kwenye #18 bado halijapatikana. Mlango wao uko wapi?

#33 KonaYaUdongo

Kona ya fohendi ya Sinner, ukimtoa nje kwanza kisha ukamrudia palepale. Nimeona akiachia pointi hapo.

#34 Pointi40

Umeona mara ngapi, na nani aliyeweza kuipiga hiyo mara ishirini kwenye mechi moja?

#35 MamaWaRaketiMbili

Wakuu, amepoteza. 6-4, 3-6, 7-6. Kwenye taibreki alifika 5-5, akapiga sevu ya pili kwa nguvu zote ikagonga mkanda wa wavu na kurudi upande wake. Kosa mara mbili. Amekula vizuri, hajalia. Njiani aliniuliza kama Tien naye aliwahi kukosa hivyo kwenye zile fainali tatu.